Korongo Karibu na Kaburi la Mama

Kila asubuhi Filister hukamua ng'ombe, naye mumewe, Javan, huenda shambani. Lakini siku hizi Javan hupitia kwanza kwenye korongo nyuma ya nyumba yao, hapa Lambwe. Mvua ya jana ilikuwa imelipanua tena. Sasa lilikuwa hatua saba tu kutoka kwenye kaburi la mama yake.

Javan aliduwaa. Korongo hili lilianza kama mfereji mdogo. Aliuchimba mwenyewe, ukanyooka kutoka juu ya shamba hadi chini, ili maji yapite haraka. Leo ng'ombe mzima angetumbukia humo asionekane. Na ni maji tu, haya haya ambayo mtoto huchota kwa kikombe!

"Nitauchimba mfereji zaidi," alimwambia mkewe. "Maji yaende zake."

"Baba Trizah, yanaenda na shamba letu. Tuyazuie huku juu."

"Nani atazuia maji? Wewe?"

 Filister alimwita jirani yao Edinah, afisa wa kilimo. Edinah alifunga vijiti vitatu kwa umbo la herufi A, akaning'iniza jiwe kwa kamba kutoka kwenye ncha ya juu.

"Hii ndiyo mashine?" Javan alicheka.

"Ndiyo hii, mzee. Jiwe likitulia katikati, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Tunaweka alama, tunasonga mbele. Hapo ndipo tunachimba mtaro, ukate mteremko. Maji yakikimbia yanabeba udongo. Yakisimama, yanaingia ardhini. Udongo mnautupa upande wa juu, ndiyo maana tunauita fanya juu. Kwenye tuta hilo pandeni majani ya nepia, mizizi ishike udongo. Na ule mfereji wako, uzibe kule juu unakoanzia."

Javan alitazama zile alama. "Mstari umepinda namna hii! Watu watasema nimelima nikiwa mlevi, na mimi ni Msabato!"

"Waseme," alijibu Filister. "Mama asombwe kwa sababu ya maneno ya watu?"

Javan alichukua jembe. Walichimba mitaro kwa wiki tatu, wakaziba mfereji, yeye akinung'unika hadi siku ya mwisho.

Alasiri moja mvua ilishuka, kubwa, ya kutisha. Javan alikimbia shambani. Alipofika kwenye mtaro wa kwanza, alisahau kwamba ananyeshewa. Maji yalikuwa yamejaa mtaro mzima, yametulia tuli. Yalikuwa yakizama polepole ardhini. 

"Nyasaye! Mungu wangu!" alisema. Kisha akapaza sauti, "Mama Trizah, njoo uone! Yamesimama! Maji yamesimama!"

Msimu wote korongo halikusogea hata kidole kimoja. Nyasi zikaanza kuota ndani yake, na ng'ombe wakala nepia wakashiba.

Jumapili moja Javan alikwenda peke yake kaburini, akavua kofia.

"Mama," alisema, "kumbe ni mimi niliyekuwa nikikuchimba. Nisamehe. Sasa lala."