Mgonjwa Hachinjwi

Asubuhi hiyo fundi cherehani alikuwa kibarazani, anakunja pindo la gauni la mteja. Mume wake, seremala, akatoka zizini amekunja uso.

"Mama watoto, ng'ombe wetu hataki kula. Anatetemeka, anahema kama aliyekimbizwa."

Ng'ombe huyo alikuwa achinjwe Jumamosi, wageni wakija. Mdogo wake seremala, ambaye kila mtu alimwita Haraka, alisikia maneno hayo. Akaja mbio na kisu mkononi.

"Tumchinje sasa hivi, kabla hajafa. Nyama ni nyama!"

Fundi cherehani aliitupa nguo mezani.

"Nyama ni nyama? Shemeji, una akili timamu kweli? Wanangu ndio wa kujaribia?"

"Mbona unanifokea? Tukiipika sana itakuwa salama."

"Mgonjwa hachinjwi! Baba watoto, mpigie daktari wa mifugo."

Seremala akamtazama mdogo wake, akamtazama mkewe, akakuna kichwa. Hapo ndipo mkewe alipopandwa na hasira kabisa. Alimchomolea simu mfukoni, akapiga mwenyewe.

Daktari wa mifugo alikuwa mama mfupi mwenye buti za mpira. Alipofika, ng'ombe alikuwa ameshakufa. Damu nyeusi ilimtoka puani, na haikuganda. Haraka alikuwa ameinama, anaifuta kwa mkono mtupu.

"Toka hapo!" daktari alifoka. "Weka kisu chini! Hakuna kumchuna, hakuna kumpasua!"

"Nyama yote hii tuitupe?" Haraka akauliza kwa uchungu.

"Nahisi ni kimeta. Nitachukua kipimo kuhakikisha. Ukimpasua, vijidudu vinasambaa kwenye udongo na kukaa humo miaka mingi. Anayemchuna anaugua. Anayemla anaweza kufa. Nenda kanawe kwa sabuni, kisha uende zahanati. Leo, si kesho!"

Watu wa idara ya mifugo walikuja na glavu. Walichimba shimo refu mbali na kisima, wakamfukia ng'ombe mzima mzima pamoja na chokaa. Kipimo kilipotoka, kilikuwa kimeta kweli. Mifugo iliyobaki ilichanjwa, na daktari akapiga marufuku kuiuza au kuichinja mpaka atakaporuhusu.

Haraka hakwenda zahanati. Siku ya nne, mkono wake ulikuwa na kidonda cheusi katikati, kisichouma. Shemeji yake alikiona.

"Bado hujaenda? Unangoja tukufukie na wewe?"

Alimshika shati, akamburuta mpaka zahanati. Haraka alipewa dawa, akapona polepole.

Muda wa marufuku ulipopita, wageni walialikwa tena. Safari hii daktari aliitwa mapema. Alimtazama mbuzi aliyetengwa kwa ajili ya wageni akitembea na akila. Alimkagua macho, pua na mdomo, akampima joto.

"Huyu ni mzima. Mkishamchinja, nionyesheni maini na mapafu kabla hamjapika."

Aliyakata, akayakagua, akaridhika. Ndipo nyama ikaingia sufuriani.

Wakati wa kula, Haraka alisimama mbele ya wageni wote. Kovu lilionekana mkononi.

"Shemeji, siku ile nilikuchukia sana. Kumbe ulikuwa unaniokoa. Nisamehe."

Fundi cherehani alimwekea mnofu mkubwa kwenye sahani.

"Kula kwanza," akasema. "Mimi bado nina hasira na wewe."