Yai Kwenye Chanja ya Mashimba

Kwenye mwalo wa Igombe, mitumbwi inapotia nanga, watu huamka mapema. Mitumbwi inarudi kutoka ziwani ikiwa na dagaa. Watu wanaingia majini na ndoo zao. Wananunua dagaa wabichi, wanawaosha, wanawatandaza kwenye chanja za miti ili wakauke. Mchana jua likiwa kali, ufukwe wote unang'aa kwa dagaa.

Mashimba alifanya kazi hiyo pamoja na mke wake, Sauda. Walikuwa Waislamu. Mashimba aliswali na kufunga, na hakumdhulumu mtu. Alikuwa na kasoro moja tu. Alikuwa mwoga wa mambo yasiyoogopesha.

Hakumwogopa sana mamba. Aliogopa bundi. Aliogopa paka mweusi. Akijikwaa mguu wa kushoto njiani, alirudi nyumbani kuanza safari upya. Na njia za Igombe zina mawe mengi. Kuna siku alianza na kuanza tena safari ya sokoni mpaka soko likafungwa.

Chanja ya jirani ilikuwa ya Bernadeta, mjane Mkristo, mama yake Nestory. Bernadeta na Sauda walipendana kama ndugu. Ndiyo maana Bernadeta alimwita Mashimba shemeji. Walikuwa na turubai moja kubwa la kufunika chanja zote mbili. Mvua ya ziwani haipigi hodi. Aliyeona wingu kwanza alipiga kelele, mwingine akaja mbio. Mmoja alishika upande huu, mwingine upande ule. Dagaa wakapona. Walifanya hivyo kwa miaka mingi, na hawakuwahi kugombana.

Asubuhi moja Mashimba alifika kwenye chanja kugeuza dagaa wake. Katikati ya dagaa aliona yai. Kando ya yai kulikuwa na manyoya mawili meupe.

Mtu mwingine akiona yai na manyoya, anafikiria kuku. Mashimba alifikiria uchawi. Aliacha dagaa bila kugeuza. Alikimbia nyumbani, akamweleza mke wake.

"Ni kuku huyo," Sauda alisema.

"Kuku gani anataga juu ya dagaa?"

"Kuku anayependa dagaa."

Mashimba hakusikia. Masikio yake yalikuwa yameshatangulia kwa mganga. Alichukua jogoo na kikapu cha dagaa wakavu, akapanda baiskeli, akaenda nyuma ya mlima.

Mganga alipokea jogoo kwanza. Kisha alifumba macho. Alisema kwamba mbaya wa Mashimba ni mtu wa karibu. Ni mwanamke. Wanasalimiana kila siku. Maneno hayo yangeweza kumhusu mke wake, mama mkwe wake, au nusu ya wanawake wa Igombe. Lakini akilini Mashimba alimwona Bernadeta palepale.

Mganga alimfunga hirizi ya ngozi mkononi. Alimwonya asiifungue, atapofuka. Akampa na sharti: kila mlango aingie kinyumenyume, ili ubaya unaomfuata nyuma ukose njia.

Ulimi hauna mfupa. Siku iliyofuata, mwalo ukiwa umejaa watu, Mashimba alisimama mbele ya Bernadeta akamwita mchawi. Alisema ameona alichokiweka. Alisema hamwogopi.

 Bernadeta aliweka ndoo chini. Alikunja turubai, akaenda nalo nyumbani kwake. Watu walibaki wakitazamana.

Kuanzia hapo maisha ya Mashimba yalikuwa ya kurudi nyuma. Aliingia nyumbani kwake akitanguliza mgongo. Jioni ya kwanza alikalia sufuria ya ugali. Dukani, muuzaji alidhani anatoka, akamwambia karibu tena. Sauda alicheka siku hiyo moja tu. Baadaye alinyamaza, kwa sababu Bernadeta hakuja tena kuomba chumvi wala kupiga soga, na nyumba ilikuwa imepoa.

Alhamisi mchana wingu lilitokea ziwani. Bernadeta aliliona kwanza. Zamani angepiga kelele. Safari hii alifunika chanja yake kimya, akaingia ndani. Mashimba alikuwa amelala. Alipoamka, dagaa wake walikuwa wanaelea. Kesho yake walinuka, wakawa chakula cha bata.

"Unaona?" Mashimba alimwambia mke wake. "Uchawi umeongezeka."

"Uchawi haujaongezeka," Sauda alisema. "Turubai limepungua."

Ijumaa hiyo Mashimba alikwenda msikitini. Alivua viatu, akageuka, akaanza kuingia kinyumenyume. Waliokuwa ndani waliona mgongo unakuja kama lori linaloegeshwa. Ustadhi Kulwa, mwalimu wa madrasa, alikuwa ameinama kunyoosha mkeka. Mashimba alimparamia. Wote wawili wakaanguka, na kofia ya Ustadhi ikabingirika mpaka mihirabuni.

Baada ya swala, watu walipotoka, Ustadhi alimwomba Mashimba abaki. Alikuwa mtu wa makamo, Msukuma kama yeye, mwenye sauti ya taratibu. Alisikiliza habari yote. Hakucheka, ingawa alishika ndevu zake kwa nguvu. Mwishowe alimwuliza nguzo za imani ni ngapi.

Mashimba alifurahi. Hilo alilijua tangu utoto. Alizitaja kwa pumzi moja, kwa kuimba, kama walivyofundishwa madrasa: kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kadari, heri yake na shari yake.

"Maashallah," alisema Ustadhi. "Umezihifadhi vizuri. Sasa niambie. Siku ile ya yai, ulitumia ipi?"

Mashimba alianza kuzihesabu upya kwa vidole. 

"Tuanze na ya kwanza," Ustadhi alisema. "Unamwamini Mungu. Kuna mwingine anayeweza kukuletea dhara bila idhini yake?"

"Hakuna, Ustadhi. Lakini uchawi upo. Hata Qurani imeutaja."

"Imeutaja. Na palepale imesema hauwezi kumdhuru mtu ila kwa idhini ya Mungu. Basi ukiogopa, unamkimbilia nani? Mwenye idhini, au mwenye kupokea jogoo?"

Mashimba alitazama mkeka. Ustadhi alimweleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kuvaa hirizi. Mtu akiamini kwamba kipande cha ngozi kinamlinda, moyo wake umemwekea Mungu mshirika. Hiyo ndiyo shirki, na hakuna dhambi kubwa kuliko hiyo. Mwenye hofu anazo sura za kusoma, Al-Falaq na An-Nas. Ni fupi, hata watoto wanazijua, na haziombi jogoo.

"Humu ndani mna nini?" Ustadhi aliuliza, akigusa hirizi.

"Sijui. Nikiifungua nitapofuka."

"Na nikiifungua mimi?"

Mashimba alifikiri. "Mganga hakumtaja ustadhi," alisema.

Ustadhi alisema bismillahi, akaifungua. Ndani mlikuwa na majani makavu na kichwa cha dagaa. Mashimba alikisogelea. Alikinusa. Alikuwa mtaalamu wa dagaa. Huyu alikuwa dagaa wake mwenyewe, kutoka kwenye kikapu alichompelekea mganga.

Hapo Ustadhi alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Mashimba naye alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeuziwa mbuzi wake mwenyewe.

"Sasa malaika," Ustadhi alisema alipotulia. "Unaamini wapo wanaoandika maneno yetu?"

"Naamini."

"Siku uliyomwita jirani yako mchawi, walikuwa likizo?"

Mashimba hakucheka tena. Ustadhi aliendelea, polepole. Alimkumbusha kwamba Kitabu kinatuamrisha kujiepusha na dhana nyingi, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Alimkumbusha kwamba Mtume alisisitiza sana haki ya jirani. Hakusema jirani Mwislamu tu. Alisema jirani.

"Na siku ya mwisho je?" Mashimba aliuliza mwenyewe, kwa sauti ndogo.

"Siku hiyo Mama Nestory atasimama kudai haki yake. Dhambi kati yako na Mungu, unatubu kwake. Dhambi kati yako na mtu, unaanzia kwa mtu. Ukimruka huyo, toba yako haijakamilika."

Mashimba alijitetea kwa mara ya mwisho. Alisema dagaa wake wameoza. Kama si uchawi, basi ni kadari, na kama ni kadari, yeye angefanya nini?

"Ungefunika," Ustadhi alisema. "Mtu mmoja alimwuliza Mtume: nimwache ngamia wangu bila kumfunga, nimtegemee Mungu? Akaambiwa: mfunge, kisha mtegemee Mungu. Sisi Igombe hatuna ngamia. Tuna dagaa. Funika, kisha mtegemee Mungu. Ukifunika na bado wakaloa, hiyo ni kadari, subiri. Lakini ukimfukuza mwenye turubai, usimsingizie Mungu."

Mashimba alitoka msikitini akitanguliza uso. Waliokuwa nje walimshangilia.

Jumamosi asubuhi alikwenda na Sauda kwenye chanja. Juu ya chanja alikaa kuku mweupe, ametulia kabisa, amefumba jicho moja. Aliwaona, akasimama, akalia kwa majivuno, akaacha yai la moto. Alikuwa kuku wao wenyewe.

Sauda alimtazama mumewe. Alichukua yai, akaliweka kwenye kanga. Mashimba alitamani angesema chochote. Afadhali kusutwa kuliko kuangaliwa vile.

Alishuka mpaka majini. Bernadeta alikuwa anaosha dagaa, peke yake. Watu walikuwa wengi, walewale wa siku ile. Mashimba aliona aibu kubwa. Alitamani kumwita pembeni. Lakini alikuwa amemtukana hadharani, na alijua pa kumwomba radhi ni hadharani.

"Mwangaluka, Mama Nestory," alimwamkia kwa Kisukuma.

Bernadeta aliendelea kuosha dagaa.

"Nilikuita mchawi mbele za watu," Mashimba alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Nilisema uongo. Lile yai lilikuwa la kuku wangu. Hukunikosea kitu. Mimi ndiye niliyekukosea wewe, na nimemkosea Mungu. Naomba unisamehe."

Watu walianza kucheka kwa habari ya kuku. Bernadeta hakucheka. Alinyoosha mgongo.

"Mteja wangu wa Mkuyuni, kule mjini, hanunui tena kwangu," alisema. "Anasema dagaa wa mchawi hawaliki. Wanawake wenzangu wananiangalia mikono, kama nimeficha dawa. Wewe umesema neno moja, ukaenda kulala. Mimi ninaishi nalo."

Maneno hayo yalimwingia Mashimba kuliko mahubiri yoyote. Maji yakimwagika hayazoleki. Alisema atakwenda Mkuyuni mwenyewe. Bernadeta alimjibu kwamba amesikia, akainama tena kwenye kazi yake. Hakusema amesamehe.

Mashimba alikwenda Mkuyuni siku hiyohiyo. Alimweleza yule mteja habari ya kuku, ya hirizi, na ya sufuria ya ugali. Alijiaibisha kabisa. Mteja alicheka hadi akaita majirani, na Mashimba akasimulia upya. Wiki iliyofuata mteja alirudi kununua kwa Bernadeta.

Mashimba hakuishia hapo. Kila Jumamosi alikaa kwenye darasa la Ustadhi Kulwa, nyuma ya watoto, akijifunza maana ya yale aliyoyahifadhi. Aliposikia bundi, alisoma Al-Falaq, akageukia ukuta, akalala. Mwanzoni alisoma huku amejifunika shuka mpaka kichwani. Imani haikui kwa siku moja. Lakini ilikua, na yeye mwenyewe aliiona. Alinunua turubai lake pia. Wingu likitokea alifunika chanja yake, kisha alikimbia kufunika ya Bernadeta, aitwe asiitwe. Bernadeta alimwacha afunike. Alikuwa hajasema naye zaidi ya salamu.

Jioni moja alisikia hodi mlangoni. Alikuwa Bernadeta, amevaa kitenge chake cha kanisani. Sauda alimkumbatia, akamvutia kiti. Bernadeta alikunywa chai yake yote kabla ya kusema.

"Nestory amepata mchumba," alisema. "Wakwe wako Mirongo. Baba yake hayupo, ndugu zake wako mbali. Nahitaji mshenga wa kwenda kunisemea."

Sauda alisema ni habari njema. Akauliza wamemfikiria nani.

Bernadeta alimtazama Mashimba.

"Wataniulizia huko kwa wakwe," alisema. "Watauliza mama wa kijana ni mtu wa namna gani. Nataka uwajibu wewe."

Mashimba alishika kikombe kwa mikono miwili.  Machozi yalimtoka, yakadondokea kwenye chai.

"Ukilia hivyo mbele ya wakwe, nitamtafuta mwingine," alisema Bernadeta.

"Sitalia," Mashimba alisema, huku analia. "Nitawaambia ukweli. Nitawaambia sijapata kuona jirani kama wewe."

Bernadeta alimsukumia Sauda kikombe chake aongezewe chai, akaanza kuwaeleza siku ya safari.