Kiti Kina Mtu

Mchana kweupe, kinu cha mpunga kimezimwa na watu wamekwenda kula, kompyuta ilimwambia Aimable kwamba mahali patupu pana mtu.

Alikuwa akiiwekea mfumo endeshi wa BSD kwa mkono, amri moja baada ya nyingine, katika ofisi ya kinu hapo Bugarama. Mfumo huo hausomi diski mpaka uipe folda ya kukalia. Mafundi waliokulia Bukavu kama yeye waliita kazi hiyo kupandisha, na folda yenyewe wakaiita kiti. Kiti kikiwa na vitu tayari, diski ikipanda havifutiki, vinafunikwa tu.

Diski ilitoka Bukavu. Ilikuwa na sauti ya kaka yake Buhendwa, mtangazaji wa redio ya parokia, aliyeuawa vita ilipoanza tena. Mama yao alikuwa kitandani, haoni, hana siku nyingi, na alichoomba ni kumsikia Buhendwa tu. Aimable ndiye aliyemwogesha na kumlisha miaka yote, na jina lake mama alilitaja akitaka maji tu. Hilo lilimkaa rohoni kama mwiba.

Alitengeneza folda mpya, tupu kabisa. Jibu likarudi lile lile: kiti kimekaliwa. Ofisi ikanuka udi, na nyuma yake mtu akakohoa.

Nasiba, mpishi wa wafanyakazi, alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya chakula cha Aimable. Zamani yeye mwenyewe alikuwa kiti cha majini, mtu anayepandwa nayo, kabla hayajatolewa.

“Papa Aimable,” alinong'ona, “ule ananuka udi anataka kupanda, na kiti ni wewe. Usilazimishe. Utafunikwa.”

Aimable alimwambia kwamba mama hawezi kungoja. Akaandika amri ya kulazimisha, diski ikakoroma, udi ukamjaa puani mpaka kooni, na ile sauti aliyoitafuta ikaanza kusema, taratibu, kwa lafudhi ya redio, lakini haikutoka kwenye spika, ilitoka kinywani mwake, na miguu yake ikainuka bila yeye kuituma na kushika njia ya nyumbani, huku yeye akipiga kelele ndani ambazo hata Nasiba, aliyemfuata mbio na kijungu cha makaa na ubani alichokitwaa jikoni, hakuzisikia.

“Mama, nimerudi,” kinywa kilisema kando ya kitanda.

Mama alilia kwa furaha. Akaupapasa uso ule aliouzoea, akauita Buhendwa.

Nasiba alipuliza makaa. Alimweleza mama kwamba huyu si mwanawe, ni jini lililobeba sauti yake, na kwamba likishushwa sasa hivi Aimable atarudi. Likilala humo, basi tena.

Chini kule alikofunikwa, Aimable aliyasikia yote. Akamngoja mama yake aseme neno.

“Zima ule moto, Nasiba,” mama alisema, mkono wake ungali kwenye shavu lile. “Ule mwingine amezoea kungojea.”