Matawi Hayatoshi: Shimo la Barabara ya Masako

Mwaka 2001 vita vilikuwa bado vinaendelea, lakini watu wa Kisangani walikula. Mtaa wetu ulilima mashamba ya Masako, nje ya mji. Tulienda kwa toleka, zile baiskeli za kubeba abiria. Mvua ilipobomoa daraja dogo la njia hiyo, jirani yetu Papa Hubert na wenzake walichimba barabara ili kuweka mabomba mapya ya kupitisha maji chini ya daraja.

Kwa desturi yetu, Hubert alilaza matawi kando ya shimo kuonya wapitao. Desturi nzuri, lakini si wakati ule. Wenye toleka walidhani ni kizuizi cha askari. Walikwepa mbio, wakaingia shimoni. Wiki moja, watu wawili. Mmoja wao, Alexis, alivunjika mkono.

Mkuu wa mtaa alikasirika. "Mutu mwingine akianguka, munafukia. Kazi iko mwisho."

Hubert hakula siku ile. Bila daraja, mvua kubwa ingekata njia, na watoto wangekosa pondu, majani ya muhogo ya kula.

Mke wake, Célestine, alimwita jirani yao, Mama Kaswera. Huyu aliuza vitenge, na kabla ya vita alisafiri nchi za mbali kwa malori.

"Bon, Papa Hubert," Kaswera alisema. "Uganda na Kenya, wakichimba barabara, wanaweka ubao wa pembetatu. Ukingo mwekundu, ndani nyeupe. Zambia, ndani ni njano."

"Na Amerika?" Célestine aliuliza.

"Niliona picha. Ubao wa rangi ya chungwa, umesimama kwa pembe. Lakini kote wanachora mutu anachimba na beleshi. Hata asiyejua kusoma anaelewa."

"Mimi pia niliweka alama," Hubert alisema.

"Uliweka kwenye shimo, papa. Wenzetu wanaweka mbali, mutu apate nafasi ya kupunguza mbio. Na siku hizi matawi yanasema askari."

Ukweli unauma, lakini Hubert aliumeza. Alikata mbao mbili za pembetatu. Célestine alichora mchimbaji mwenye kitambi, tukacheka kwa sababu alifanana na Hubert mwenyewe. Ubao mmoja ulisimamishwa hatua mia moja kabla ya shimo, mwingine hatua mia moja upande wa pili. Shimo lilizungushiwa kamba, njia ya kupita ikaachwa wazi.

Asubuhi toleka zilipunguza mwendo, moja baada ya nyingine. Kisha ikaja jeep ya askari, kasi kama kawaida yao. Dereva akauona ubao, akakanyaga breki, akapita polepole kwenye njia tuliyoiacha. Célestine alipiga vigelegele, sisi tukaitikia.

Hakuna mwingine aliyeanguka. Daraja lilikamilika kabla ya mvua kubwa. Siku ya kwanza yalipita magunia arobaini ya pondu, na mkuu wa mtaa mwenyewe alisukuma baiskeli ya mbele.