Ndani ya Mstari wa Matundu

Haya yalimpata mjomba wangu, fundi wa uzio. Aliyeyashuhudia ni shemeji yake, aliyekuwa akifanya kazi naye, na wote wawili si watu wa kutia chumvi.

Mama mmoja mjane alitaka kiwanja cha nyuma ya nyumba yake kizungushiwe uzio. Ardhi ilikuwa ngumu kama jiwe. Ukiipiga mtaimbo, mkono wote unakufa ganzi. Ikabidi waanze na vitundu vyembamba vya kuongozea nguzo: unatoboa kwa mtaimbo, unamimina maji, unasubiri udongo ulainike, ndipo unapanua.

"Leo ardhi imetununia," mjomba alisema.

"Ibembeleze kama unavyombembeleza dada yangu," shemeji akajibu.

Saa sita mchana mjomba alitoboa tundu la mwisho, yeye akiwa upande wa ndani. Mstari wa matundu ukakutana, ukakizunguka kiwanja chote. Akaiendea ndoo ya maji iliyokuwa nje ya mstari, hatua kumi tu.

Akatembea. Ndoo ikabaki palepale. Akaongeza mwendo. Matundu yalikuwa mbele yake, hatua tatu, na zile tatu haziishi.

Shemeji alikuwa nje akipanga nguzo. Alipoinua macho alidhani ni mzaha: miguu ya mwenzake inakwenda, mwili hauendi.

"Acha utani, bwana."

Mjomba alifungua mdomo. Sauti haikutoka. Na kidevuni, alikonyoa asubuhi ile, ndevu zilikuwa zinaota.

Shemeji akataka kuvuka. Mkono ukamshika bega kwa nyuma. Alikuwa mjane.

"Usiingie," alinong'ona. "Mtupie kamba. Fundi wa kwanza aliponasa humo sikumvuta. Niliogopa."

Shemeji akafungua kamba iliyofunga mzigo wa nguzo, akairusha. Mjomba akaidaka, akajifunga kiunoni. Wakavuta. Haji. Wakavuta tena. Viganja vikachubuka. Mara akaanguka nje kifudifudi, midomo imepasuka kwa kiu, soli za buti zimelika zote.

Walimfungua kamba, wakamnywesha maji. Akamgeukia shemeji yake.

"Nimekuita siku nyingi," akasema. "Mbona ulikuwa unapanga nguzo tu?"

Waliondoka bila kukusanya kitu.

Kesho yake, mchana kweupe, shemeji alirudi kuchukua vifaa. Kamba waliyoiacha nje ilikuwa imevuka matundu. Ncha yake ya ndani ilikuwa imefungwa kitanzi kipana, na kitanzi kile hakikuwa chini. Kilikuwa kimesimama hewani, usawa wa kiuno cha mtu. Katikati yake hapakuwa na kitu.

Ncha nyingine ilikuwa imelala huku nje, karibu na miguu ya shemeji.

Ikatikisika. Ikatulia. Ikatikisika tena, taratibu, kama anayeomba.

Shemeji hakuiokota. Vifaa vyao viko kule hadi leo.