Saning'o Alivyokataa Kubatizwa

"Saning'o, unataka kubatizwa?"

Padre alikuwa ameshika jagi la maji, na kanisa zima la Rhotia limetulia. Ilikuwa Pentekoste, mwaka 1978. Baba yangu, mzee Patrisi, alikuwa amesema wazi kwamba binti yake haolewi na Mmasai asiyebatizwa. Basi mwaka mzima Saning'o wangu alishuka kwa miguu kutoka Ngorongoro kila Jumamosi kusoma katekisimu. Majibu yote alikuwa nayo kichwani.

"Hapana, Padre."

Mimi nikainuka kwenye benchi.

"Sasa umefuata nini hapa?"

"Cresensia. Yeye namtaka. Mungu wenu bado namsikiliza tu. Nikikubali leo, nitakuwa nimemdanganya."

Padre akaweka jagi chini. "Basi siwezi kukubatiza. Imani hailazimishwi."

Saning'o akatoka. Nilimkimbilia nje, nikamshika shuka lake.

"Neno moja tu, Saning'o. Ungelisema tukaoana."

"Ungeishi na mwongo?"

"Ningeishi na wewe."

Nililia pale pale, wala sioni haya kusema. Nilimpenda mpaka chakula kilikuwa hakipiti.

Baba akatufikia na fimbo yake. Nikajua yamekwisha.

"Kijana, mwaka mzima unakula kande kwangu, leo unaniaibisha mbele ya watu?"

"Nisamehe, mzee."

"Ungekubali, ningekupa binti. Hukujua?"

"Nilijua."

"Na bado ukakataa?"

"Ndiyo, mzee."

Baba aliangalia mahindi ng'ambo ya barabara.

"Nawajua wengi waliokubali pale mbele," akasema. "Wengine wameniibia ng'ombe. Wewe umeshindwa kumdanganya Mungu hata kwa ajili ya mke. Binti yangu utamdanganya lini?" Akanigeukia. "Cresensia, unamtaka hivyo hivyo alivyo?"

"Namtaka, baba."

"Basi turudi kwa Padre, atuombee kwa Askofu ruhusa ya kuoana na asiyebatizwa."

Ruhusa ilikuja mwezi wa nane, tukafunga ndoa pale pale Rhotia.

Nazikumbuka sana Jumapili za miaka ile. Saning'o alitusindikiza mimi na watoto hadi mlangoni mwa kanisa, misa ikiisha anakuja kutuchukua. Wanawake wenzangu walinichokoza eti nimvute ndani. Sikumvuta hata siku moja. Mtu aliyenipenda bila kuvutwa, ningeanzaje kumvuta?