Alimwanika Bibi Zafarani Mbele za Watu

Nina miaka thelathini na sita, Mzanzibari, naishi Ilford na mama yangu mzazi. Haya ninayoyaandika yamenitoa machozi mpaka yakakauka, na yalipokauka ikabaki hasira. Wasomaji wenzangu, hasira hiyo sijaitubia!

Nilikuja London kusomea shahada ya uzamivu. Utafiti wangu ulihusu masuria na vijakazi katika kasri za makaisari wa Roma ya kale: wanawake walionunuliwa, wakalazwa kitanda kimoja na mtawala, wengine hata wakashika funguo za mlango wake, lakini wasiwe na haki ya kusema hapana. Msimamizi wangu alikuwa profesa mwanamke, Helen, aliyejijengea jina kwa kuwatetea wanawake hao hao.

Alinipokea kwa kunikumbatia. Aliniita mwanangu... na mimi, mjinga, nikamwita Mama Helen!

Chuoni nilikosomea Kurani utotoni, mwanafunzi humtekea mwalimu maji na kumfagilia ua bila kungoja kuambiwa. Nikadhani na huku ni hivyo hivyo. Mama yake Helen, Bibi Edith, alikuwa mzee wa kiti cha magurudumu. Kila Jumapili nilikwenda kumwogesha, kumchana nywele na kumpikia uji, bure kabisa. Helen hakuniomba. Ila hakukataa pia.

Siku moja alinirudishia kazi yangu akasema imekauka, haina damu. Akaniuliza wanawake hao wananihusu nini mimi. Ndipo nilipoufungua mdomo wangu! Nikamweleza kuwa Bibi Zafarani, bibi yake mama, alinunuliwa akiwa mtoto, akaja kufanywa suria wa bwana mmoja mkubwa wa Unguja. Kwetu jambo hilo halisemwi. Watu wote walidhani alikuwa mke wa ndoa. Helen akaomba nimtumie picha yake, ile ya ukutani kwetu, yenye kipini puani, nikamtumia. Nikamwambia hili ni la ndani, Mama Helen. Akaweka mkono kifuani, akaapa.

Wakati huo Nassor alikuwa ameshaleta posa. Mpemba, mpole, aliyefiwa na mkewe. Mama alikuwa akicheka peke yake jikoni... binti yake naye ataolewa!

Jumapili iliyofuata, wakati mimi namlisha mama yake uji, Helen alikuwa jukwaani akitoa mhadhara. Picha ya Bibi Zafarani ilijaa ukuta mzima! Alimtaja kwa jina, akaeleza alivyonunuliwa, akaongeza kwamba kitukuu chake ni mwanafunzi wake na humsaidia kazi za nyumbani. Kabla treni yangu haijafika Ilford, video ilishazunguka kwenye makundi ya Whatsapp ya Wazanzibari wote wa mji huu.

Mama yake Nassor alipiga simu kesho yake. Kwa adabu zote alisema sisi si kufu yao, hatulingani nao kwa nasaba, posa wameiondoa. Nassor mwenyewe hakumpinga. Mama aliitoa picha ukutani, akaifunga ndani ya kanga, akaniambia, "Mwanangu, umemvua nguo bibi yangu mbele za watu."

Wewe ungelala?

Nilimfuata Helen ofisini, bado nikitumaini ataona haya. Nikafungua mikono kama kawaida yetu. Akaninyooshea mkono tu! Kuna suria mmoja wa Kaisari aliyerudi kutoka safari, akataka kumbusu mwana wa bwana wake kama alivyozoea, kijana akamnyooshea mkono aubusu, badala ya shavu. Kisa hicho tulikisoma pamoja na Helen, na alilia. Sasa akaniambia historia ni mali ya wote, na kwamba nijivunie.

Haya. Tukajivunie sote!

Helen alijitapa kila mahali kuwa babu yake alikuwa bwana mkubwa mwenye jumba na mashamba. Lakini Bibi Edith alikuwa amenieleza, nikimchana nywele, kwamba mama yake alikuwa mtumishi wa vyumba katika jumba hilo, wala hakuulizwa kama anamtaka bwana huyo. Helen alilijua hilo, na alikataza lisitajwe. Siri ya mzee sikuitoa, haikuwa yangu. Nilimwonyesha tu Bibi Edith ile video ya mhadhara, na nilijua vizuri ninachokifanya. Aliitazama mpaka mwisho, akaniomba nimtolee gauni lake la buluu.

Alasiri ya uzinduzi wa kitabu cha Helen, nilisukuma kile kiti mpaka mbele ya ukumbi. Helen akatabasamu, akadhani nimekuja kuomba radhi. Bibi Edith akaomba kipaza sauti.

"Mama yangu alikuwa kijakazi," alisema, "na huyo babu unayemsifu alimchukua bila kumuuliza. Ukianika bibi za wenzio, Helen, mwanike na wako."

Wallahi, nilimtazama Helen usoni mpaka yeye akainamisha macho. Nilifurahi, na bado nafurahi! Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Bibi Edith alinivuta akanibusu shavuni, watu wote wakiona.

Gharama nimeilipa. Masomo yamesimama, msimamizi mwingine sijapata. Mwezi uliopita Nassor alikuja nyumbani. Mama yake atakubali, alisema, ikiwa tutawatangazia watu kwamba profesa alisema uongo na Bibi Zafarani aliolewa. Nilimtaka yule mwanamume! Nikamtazama mama.

Mama aliweka birika chini. Akaenda chumbani, akarudi na picha, akaifungua kanga na kuitundika pale pale ilipokuwa.

"Huyu ni bibi yangu," alimwambia. "Alinunuliwa. Kunywa chai yako, baba, kisha uende."

Dada zangu mlioko ugenini, nawasihi. Mtu akikuita mwanangu, mheshimu, mpikie hata uji ukipenda, lakini ya nyumbani kwako usimpe. Mimi nimemlipiza wangu, na mama amenisamehe. Ila chai ile Nassor hakuinywa, na kikombe chake nilikiosha mimi.